Buti Kwanza, King'ora Baadaye

Siku nyingine kiongozi akikata utepe mbele ya gari jipya la wagonjwa, macho yako yasiishie kwenye king'ora, wala kwenye jina lililoandikwa ubavuni. Yashushe mpaka chini. Tazama miguu ya waliopangwa mstari kupokea funguo: dereva, muuguzi, mhudumu wa dharura. Utaona raba za kitambaa zilizotoka mtumbani. Utaona kroksi. Utaona viatu vya wazi, vidole vikichungulia nje. Hao ndio watakaoamshwa saa nane usiku kukimbilia basi lililopinduka, na viatu hivyo hivyo ndivyo watakavyokanyagia vioo.

Naandika kwa hasira na sioni sababu ya kuificha. Nchi hii, Tanzania, imenunua mamia ya magari ya wagonjwa katika miaka ya karibuni, na kununua huko kulikuwa kwa lazima, kwa sababu akina mama walikuwa wanafia njiani. Ndani ya gari kuna kitanda cha magurudumu, mtungi wa oksijeni, mashine ya kunyonya makohozi. Vyote hivyo vina namba, vina sahihi ya aliyepokea, vina ukaguzi wa kila mwaka. Sijawahi kuona orodha ya makabidhiano iliyotaja buti la mtu atakayeteremka kutoka kwenye gari hilo. Kiatu kimeachwa kuwa shauri la mhudumu na mshahara wake.

Tuseme mahali pa ajali panavyokuwa, maana wanaoamua bajeti wengi wamepaona kwenye picha tu. Basi likigongana na lori barabara ya Morogoro, ardhi ile si ardhi tena. Kioo cha mbele kimesambaa, mabati ya bodi yamechanika na kubaki na ncha, dizeli inatiririka kuelekea mtaroni, maji ya betri yenye asidi yamemwagika, na damu imechanganyikana na vyote hivyo. Ni usiku. Tochi ni ya simu. Mhudumu anatakiwa kuinama, kupiga magoti, kurudi kinyumenyume akiwa ameshika kichwa cha machela, na hana nafasi hata moja ya kutazama anapokanyaga kwa kuwa macho yake yako kwa majeruhi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mtu tunayemlipa asitazame miguu yake tunampeleka bila kitu cha kuilinda.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa dukani. Zaidi ya watu 20 walikufa, zaidi ya 80 waliokolewa. Taifa zima lilifuatilia sauti zilizokuwa zikitoka chini ya kifusi. Kifusi cha zege ni mahali pabaya kwa mguu kuliko karibu mahali pengine popote: nondo zilizokatika zimesimama wima, mbao za formu zimejaa misumari iliyoelekea juu, vipande vya zege vinahama ukivikanyaga. Na walioingia pale mwanzo kabisa, kabla ya mashine kufika, walikuwa wafanyabiashara na wapita njia waliochimba kwa mikono. Ushujaa huo ulisifiwa kwa haki. Lakini sifa haizuii msumari.

Karibu mwaka mmoja kabla yake, tarehe 3 Desemba 2023, Mlima Hanang ulishusha tope, mawe na magogo juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Tope la namna ile halikuonyeshi kilichomo. Chini yake kuna mabati ya nyumba zilizobomoka, seng'enge, chupa, vyoo vilivyopasuka na mizoga ya mifugo. Anayetafuta mwili wa mtoto wa mwenzake katika tope hilo anaweza kukatwa unyayo asijue mpaka jioni atakapovua kiatu, na jioni hiyo kidonda kimeshakunywa uchafu kutwa nzima. Pepopunda inaanzia hapo. Homa ya mgunda, ile inayobebwa na mkojo wa panya kwenye maji ya mafuriko, inaanzia hapo. Magonjwa haya yanajulikana kwa majina na kwa njia zake. Si ajali ya bahati mbaya mtu anapoyapata akiwa kazini na raba ya kitambaa.

Watu husema buti ni buti. Si kweli, na pengo kati ya buti na buti ndilo linaloamua kama mtu atarudi na mguu mzima. Kuna kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, ISO 20345. Kiatu kikipewa kiwango hicho, kofia ya vidole lazima ihimili pigo la jouli 200, yaani kama mzigo wa kilo 20 umedondoka kutoka mita 1 hivi. Mtungi wa oksijeni ukiponyoka mkononi wakati gari linapinda, ndilo pigo lenyewe. Kofia hiyo hiyo lazima ihimili kubanwa kwa nguvu ya kilonyutoni 15, ambayo ni karibu uzito wa tani moja na nusu. Kikiwa na alama ya S3, kiatu kinaongezewa mambo mawili ambayo mhudumu wa dharura hawezi kuyakosa: ngozi ya juu inayozuia maji yasipenye haraka, na bamba ndani ya soli linalozuia msumari. Katika jaribio la kawaida, msumari unasukumwa kwa nguvu ya nyutoni 1,100, zaidi ya uzito wa mwanamume mnene aliyesimama juu yake kwa mguu mmoja, na haupaswi kutokeza upande wa pili. Zipo soli zinazohimili mafuta ya magari zisiyeyuke, na zipo zinazohimili kugusa kitu chenye joto la nyuzi 300 kwa dakika nzima. Anayekumbuka moto wa Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka na zaidi ya watu 100 wakafa, hahitaji kuelezwa kwa nini soli ya sponji ni hatari karibu na petroli.

Marekani, shirika la viwango vya zimamoto la NFPA liliweka kiwango kizima kwa ajili ya mavazi ya wahudumu wa dharura za kitabibu, namba 1999, kilichoanza mwaka 1992 na baadaye kikawa na masharti ya viatu, pamoja na sharti la kuzuia damu yenye virusi isipenye mpaka kwenye ngozi. Wenzetu wametambua kwamba damu haidondoki mkononi tu. Inashuka. Mtu akivuja damu juu ya machela, damu inafuata mvutano wa dunia mpaka sakafuni, na sakafuni ndiko iliko miguu ya muuguzi.

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu hili ndilo linalonichoma zaidi. Tumewafundisha wahudumu wetu kuvaa glovu. Tumewafundisha barakoa. Tangu Uviko-19 hata mtoto wa shule anajua barakoa. Kisha muuguzi huyo mwenye glovu mbili anapanda gari akiwa na kiatu chenye matundu matundu juu, gari linaruka tuta, sindano iliyotumika inamponyoka na kudondoka ikitanguliza ncha. Glovu zitamsaidia nini? Mtu ambaye hajachanjwa akichomwa na sindano yenye virusi vya homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30, kutegemea hali ya mgonjwa. Virusi hivyo vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Kwa VVU hatari ni ndogo, karibu asilimia 0.3, lakini aliyechomwa analazimika kuanza dawa za kinga kabla ya saa 72 kupita, azimeze siku 28, apimwe na kupimwa tena, na katika muda huo wote alale nyumbani na mwenzi wake huku akihesabu. Ngozi imara ya buti ingeikinga ncha ile. Ncha ingegonga, ingeteleza, ingeokotwa kwa koleo na kutiwa kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali, na kazi ingeendelea.

Na raba iliyolowa damu inakwenda wapi asubuhi? Inakwenda nyumbani. Inafuliwa kwenye beseni lile lile la nguo za watoto, inaanikwa uani, kesho yake inavaliwa tena. Buti la ngozi au la mpira linafutwa kwa klorini kazini na kuachwa kazini. Tunapomnyima mhudumu kiatu tunaipeleka hatari mpaka kwenye familia yake, ambayo haikula kiapo chochote cha uuguzi.

Kuna mahali ambapo tunalijua hili vizuri kabisa. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa mkoani Kagera, watu 9 waliugua na 6 wakafa, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa waliougua na waliokufa. Katika magonjwa kama Marburg na Ebola, gambuti ni sehemu ya lazima ya vazi la kinga. Mtu haingii wodini bila gambuti, na akitoka anasafishwa miguu kwa klorini ya asilimia 0.5 kabla ya hatua nyingine. Kule Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, wahudumu wanaozungumza lugha hii hii yetu walijifunza utaratibu huo tangu 2018 kwa gharama kubwa ya maisha. Hakuna aliyeuliza kama buti lina ulazima. Mlipuko ukiisha, hata hivyo, akili inarudi stoo pamoja na gambuti, kana kwamba damu ya mgonjwa wa bodaboda ni salama mpaka maabara ithibitishe vinginevyo.

Nitasema pia kwamba gambuti peke yake si jibu, maana najua ndilo litakalotolewa haraka ili tunyamaze. Gambuti la kawaida linafaa majini, kwenye tope na kwenye wodi ya kutengwa. Halishiki kifundo cha mguu, na anayeshuka korongo na machela anahitaji kifundo kishikwe. Gambuti lisilo na bamba la chuma linapenywa na msumari kama raba. Na dereva wa gari la wagonjwa anayekimbia kilomita 90 kwa saa hawezi kuisikia breki vizuri akiwa na gambuti pana. Mhudumu anahitaji vyote viwili: buti la kazi la kila siku, jepesi, lenye zipu ubavuni ili livaliwe mara moja simu ikilia, na gambuti ndani ya gari kwa mafuriko na magonjwa ya kuambukiza.

Wala faida haiishii kwa mwenye mguu. Mgonjwa wa kilo 80 juu ya machela, ngazi za zege zenye maji, watu wawili. Anayeteleza akiwa amebeba machela hatelezi peke yake. Mama mwenye mimba aliyeangushwa ngazini kwa sababu soli ya muuguzi ilikuwa imelika hatoandikwa popote kwamba ameumizwa na kiatu. Itaandikwa kwamba hali yake ilibadilika njiani.

Sheria ipo, na ni ya siku nyingi. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, na wakala wake, OSHA, wa kuisimamia. Kenya ina sheria yake ya 2007, na kifungu cha 101 kinamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga yanayofaa kwa wanaokutana na majimaji au vitu vyenye madhara, na kinataja viatu waziwazi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwaka 2022 shirika hilo liliyaweka mazingira salama ya kazi katika haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Kwa hiyo muuguzi anayenunua buti kwa fedha yake anamlipia mwajiri deni la kisheria. Wakaguzi wanaingia viwandani na kwenye maeneo ya ujenzi, wanamfungia mkandarasi ambaye vibarua wake wamevaa ndara, na wanafanya sawasawa. Namtaka mkaguzi huyo huyo asimame getini kwa hospitali ya wilaya saa ya kubadilishana zamu, aangalie chini, na aandike ripoti kwa ukali ule ule. Serikali ni mwajiri. Haina msamaha wa kuvalisha watu wake kandambili.

Ninayajua majibu. La kwanza ni kwamba hakuna fedha. Bei ya jozi moja ya buti zuri la usalama haifiki bei ya tairi moja la Land Cruiser. Tairi likilika, gari linasimamishwa, barua inaandikwa, tairi jipya linafungwa, kwa kuwa hakuna mkurugenzi anayetaka kusikia gari limeacha njia. Soli ya binadamu ikilika, gari linaondoka tu. Huo si upungufu wa fedha. Ni uamuzi kuhusu nani ana thamani, na umefanywa na watu wenye vyeo na kalamu.

Jibu la pili ni kwamba wahudumu wenyewe hawayavai mabuti, ni mazito na yana joto, Dar es Salaam si Ulaya. Hili lina chembe ya ukweli na chembe hiyo inatuumbua sisi wanunuzi. Mabuti yanayoletwa mara nyingi ni yale ya migodini, mazito, ya saizi kubwa za wanaume, yamenunuliwa kwa jumla bila mguu hata mmoja kupimwa. Wauguzi wengi wa nchi hii ni wanawake. Mwanamke anayevaa saizi 37 akipewa 42 na kuambiwa ajaze soksi, amepewa kitu cha kumwangusha. Atalivua, na atakuwa na haki ya kulivua, kisha mtu ofisini ataandika kwamba vifaa vilitolewa lakini watumishi hawatoi ushirikiano. Siku hizi zipo kofia za vidole za plastiki ngumu badala ya chuma, na mabamba ya soli ya kitambaa kizito kilichofumwa maalumu, vinavyopunguza uzito. Zipo saizi za wanawake. Vinapatikana kwa anayeandika zabuni akiwa na nia ya kuvipata.

Na ngozi tunayo. Tanzania ni kati ya nchi zenye mifugo mingi zaidi Afrika. Pale Moshi kuna kiwanda cha ngozi cha Karanga, cha Jeshi la Magereza kwa ubia na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF, na kinashona viatu. Limuru, Kenya, Bata wameshona viatu kwa miongo mingi. Serikali inayowavalisha askari wake mabuti bila mjadala inaweza kuagiza mabuti ya wahudumu wa dharura kwenye viwanda hivyo hivyo, kwa kiwango kilichoandikwa, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) likapima sampuli kabla jozi moja haijapokelewa. Askari anapewa buti siku ya kwanza ya mafunzo kwa kuwa hakuna anayemwazia askari bila buti. Mhudumu wa dharura naye anakwenda kwenye hatari kwa amri ya dola.

Wapo pia wale ambao hakuna mwajiri anayewakumbuka kabisa. Vijana wa Msalaba Mwekundu wanaojitolea, wenye kizibao chekundu begani na malapa miguuni. Madereva wa teksi wa vijijini walioingizwa katika mpango wa m-mama, wanaopigiwa simu kutoka namba 115 usiku kumchukua mama mwenye uchungu pale gari la wagonjwa lisipopatikana. Damu ya uzazi inamwagika kwenye gari lao na wanaisafisha wenyewe, wakiwa na ndara. Mwajiriwa akiumia kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa kumshika. Huyu anayejitolea ana mguu wake tu. Tukimtumia kuziba pengo la dola, kumpa kiatu ni kiwango cha chini kabisa cha adabu.

Halmashauri huanza kuandaa makisio ya mwaka unaofuata miezi mingi kabla Bunge la bajeti halijakaa Dodoma Aprili. Ndugu mkurugenzi, ndugu mganga mkuu wa wilaya, muda wenu ni huo. Kila mhudumu na kila dereva wa gari la wagonjwa apewe jozi mbili za buti la S3 kwa mwaka, moja ivaliwe, nyingine ikauke. Mguu wake upimwe kabla ya zabuni kutangazwa, wa mwanamke kama wa mwanamume. Gambuti zenye bamba zikae ndani ya kila gari, zihesabiwe kwenye ukaguzi pamoja na mtungi wa oksijeni. Wanaojitolea waingie kwenye orodha hiyo hiyo. Na gari jipya likifika bila mabuti ya watu wake, msilipokee, hata kama utepe umeshafungwa na mgeni rasmi yuko njiani.